Mgonjwa wa ICU anapataje kidonda cha kulala na manesi wako hapo?

Ndugu uliyeuliza kwa nini mamako alitoka ICU na kidonda kiunoni ilhali kila siku mliambiwa "anaendelea vizuri", pole sana. Nimekuwa nesi wa ICU hapa Nairobi miaka tisa, na sitakudanganya kwamba kidonda kilijileta chenyewe. Ila sidhani pia kwamba manesi walikuwa wamekaa kwenye simu.

ICU kazi inapangwa na kengele. Presha ikishuka, inalia. Dawa ikikaribia kuisha kwenye pampu, inalia. Oksijeni ikipungua, hiyo unaikimbilia. Ngozi haina kengele, wala mdomo uliokauka kando ya mrija wa kupumulia. Usiku ukizidiwa, unaacha kile kisicholia.

Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anastahili nesi wake peke yake. Mimi zamu nyingi nilikuwa na wawili, usiku mwingine watatu. Na kumgeuza kila baada ya saa mbili, ili asilalie sehemu moja hadi ngozi ichubuke, hakuwezi mtu mmoja: kuna wa kushika mrija usichomoke, kuna wa kumvuta kwa shuka. Sasa mwenzako amesindikiza mgonjwa kupigwa picha ya CT, wake amekuachia wewe. Utamwita nani? Unajiambia nikimaliza hii. Saa kumi alfajiri bado hujamaliza.

Aliye kwenye noradrenalini, ile dawa ya kupandisha presha, ndiye mwenye hatari zaidi. Dawa inabana mishipa midogo, damu inaifikia ngozi kwa shida. Tena ukimgeuza, presha inaweza kuporomoka, kwa hivyo hata nesi mwenye nafasi anaogopa kumgusa.

Hili nalisema kwa kuwa hamnijui. Usiku mmoja niliandika kwenye chati kwamba nimemgeuza mzee fulani saa nane. Sikumgeuza. Daktari angepita asubuhi, na kisanduku kitupu huonekana haraka kuliko mgongo. Tulipomwosha, ngozi juu ya makalio ilikuwa nyekundu, ukiibonyeza inabaki nyekundu vilevile, dalili kwamba kidonda kinaanza. Tukamwegemeza kwa mito, ikatulia. (Ingechubuka ningekiri? Sijui.)

Mtafiti wa Marekani, Beatrice Kalisch, aliwauliza manesi ni kazi gani huachwa, akachapisha majibu yao mwaka 2006: kugeuza, kulisha kwa wakati, usafi wa mwili, kuwafariji wagonjwa. Nilicheka niliposoma. Na hao walikuwa wa wadi za kawaida!

Wakubwa wakisikia haya huleta fomu nyingine ya kujaza. Mikono hawaongezi.

Wenye mgonjwa ndani sasa hivi, msiulize "anaendeleaje". Ulizeni amegeuzwa saa ngapi mara ya mwisho, na sasa analalia upande gani. Nesi anaweza kununa, lakini swali hilo litamrudisha kitandani. Mimi lilinirudisha mara nyingi.

Na mama, kama bado yuko kitandani nyumbani, kidonda msikitie spiriti wala poda. Apelekwe kliniki kikasafishwe, na nyinyi mgeuzeni hata usiku. Mwangalieni na visigino, leo hii.