Kwa kijana anayetaka kutafiti kisukari: chagua swali dogo

Vijana wengi wanaosoma biokemia huniandikia wakisema wanataka kutafuta tiba ya kisukari. Nia hiyo naiheshimu sana, maana mara nyingi nyuma yake kuna mzazi au bibi anayejidunga insulini kila siku. Ila jibu langu halibadiliki: usiombe nafasi ya uzamivu ukiwa na swali kubwa kiasi hicho. Tafuta jambo moja linalofanywa na seli, lielewe mpaka uweze kulipima kwa mikono yako mwenyewe.

Mimi nilichagua namna glukosi inavyovuka utando wa seli. Utando huo umejengwa kwa mafuta, na glukosi haipenyi kwenye mafuta; lazima iwepo protini ya kuivusha. Kwenye misuli na tishu za mafuta, protini inayoitikia insulini ni GLUT4. Mwili ukiwa na njaa, sehemu kubwa ya GLUT4 hukaa ndani ya seli kwenye vifuko vidogo. Mtu akila, insulini hupanda, vifuko vile husogea na kuungana na utando, na glukosi huanza kuingia kwa wingi. Hayo yalionyeshwa mwaka 1980 na timu mbili za Marekani, ya Cushman na Wardzala, na ya Suzuki na Kono, kila moja kivyake, wakitumia seli za mafuta za panya. Protini yenyewe ilikuja kutambuliwa baadaye. Sasa, mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili anaweza kuwa na insulini ya kutosha damuni, lakini GLUT4 isifike kwenye utando inavyotakiwa. Inakwama wapi? Swali hilo limenipa kazi miaka yote hii, na bado halijaisha.

Kwa hiyo, unapochagua maabara, usiangalie jina la chuo kwanza. Uliza kama utafundishwa kupima. Kupima uingiaji wa glukosi kunaonekana rahisi kwenye karatasi: unazipa seli sukari inayofanana na glukosi, yenye alama ya mionzi, ambayo ikishaingia inanaswa humo, unasubiri dakika chache, unaosha, unahesabu mionzi iliyobaki. Kazi yenyewe imo kwenye kuosha. Seli za 3T3-L1, yaani seli za panya zinazokuzwa maabara ambazo wengi huzitumia, zikishageuka kuwa seli za mafuta hujaa matone yanayong'aa chini ya hadubini, na hapo hushika chombo kwa udhaifu sana. Ukimimina maji ya kuoshea kwa nguvu, zinabanduka. Yakiwa hayana baridi ya barafu, usafirishaji unaendelea wakati wewe unadhani umeusimamisha. Tena lazima uwe na kundi la seli zilizozibwa kwa saitokalasini B, kemikali inayozuia protini za kuvusha glukosi, ili ujue ni sukari kiasi gani imebaki pale bila kupita kwenye protini. Matokeo yasiyo na kundi hilo mimi siyaamini, hata yawe na mchoro mzuri namna gani.

Ushauri wa pili: soma makala za zamani. Mwaka 1835 wanakemia walitoa kemikali iitwayo florizini kwenye magome ya mti wa tofaa. Mwaka 1886 von Mering, Mjerumani, akaeleza kwamba florizini humfanya mtu atoe sukari kwenye mkojo. Baadaye sana ikafahamika kwa nini: inaziba protini za figo zinazorudisha glukosi kwenye damu. Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban gramu 180 za glukosi kwa siku, na karibu zote hurudishwa, sehemu kubwa kupitia protini iitwayo SGLT2. Florizini haikufaa kuwa kidonge, kwani huvunjwavunjwa tumboni na huziba pia SGLT1, protini ndugu yake iliyo kwenye utumbo. Lakini wanakemia waliirekebisha umbo, na dapagliflozini, dawa ya kisukari inayoziba SGLT2, ikaidhinishwa Ulaya mwaka 2012. Leo dawa za kundi hilo hupewa hata wagonjwa wa moyo na figo wasio na kisukari. Na hiyo SGLT1 ya utumbo, inayovusha glukosi pamoja na sodiamu, ndiyo inayofanya maji ya ORS yamsaidie mtoto anayeharisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichopatikana kwa haraka, na mwenye haraka atateseka katika fani hii.

Nenda pia kliniki ya kisukari, ukae na wagonjwa, ukiruhusiwa. Seli kwenye chombo hazitakuambia kwamba mtu anaruka dozi kwa sababu ya bei.

Kuhusu msimamizi, waulize wanafunzi wake wa sasa, bila yeye kuwepo, kama anasoma daftari zao za maabara au anasubiri grafu tu. Na ukimwandikia barua ya kwanza, usimsifu. Chagua jaribio moja kwenye makala yake, eleza ulivyolielewa, kisha mwambie ungependa kupima nini baada ya hapo. Barua za namna hiyo mimi huzijibu zote.