Minana Wamesuka, Je, Wameangua?

Swali (msomaji wa Chumbageni, Tanga): Mnazi wa uani kwetu haukuwahi kuwa na viota, lakini tangu masika yaanze una zaidi ya ishirini vya minana. Niandike kwamba wamezaliana hapa?

Jibu: Andika kwamba wamesuka, la kuzaliana lisubiri. Kwa minana, dume ndiye afumaye kiota, akichana makuti kuwa nyuzi nyembamba, kisha huning'inia mlangoni akipigapiga mabawa ili jike aje kukikagua; jike asiporidhika, na kijani kikaanza kugeuka kahawia, mara nyingi dume hukibomoa mwenyewe na kuanza kingine. Kwa hiyo viota ishirini vinaweza kuwa kazi ya madume wachache, visiwe na hata yai moja. Mimi niliwahi kuandika "wanazaliana" kwa furaha ya siku ya kwanza, na wiki mbili baadaye nikaokota viota vitupu chini ya mti.

Keti barazani asubuhi na mapema, uchague kiota kimoja tu, ukitazame kwa nusu saa. Jike akiingia na vitu laini mdomoni, anatandika. Akiingia na panzi au kiwavi, akatoka mdomo mtupu, akarudi tena baada ya dakika chache na mwingine, hapo ndipo pa kuandika kwamba kuna makinda.

Swali (huyohuyo): Naweza kupanda nikahesabu mayai?

Jibu: La. Wazazi wakiruka kwa hofu, kunguru, ambao hula mayai na makinda, hawachelewi kufika. Tumia darubini.

Swali (msomaji wa Mwambani): Daftari langu liwe na nini?

Jibu: Tarehe, saa, mahali kama simu inavyoonyesha, aina ya mti, kimo cha kiota kwa makadirio, na alichobeba ndege. Andika ulichokiona, si ulichokidhani. Siku uliyotazama usione kitu nayo iandikwe, kwani ndiyo itakayoonyesha kwamba mwaka jana hawakuwapo.

Swali (msomaji wa Pangani): Kumbukumbu za mtu mmoja zina faida gani?

Jibu: Ndege huhama makazi kimyakimya. Yangeyange tunaowaona wakiwafuata ng'ombe walivuka kutoka Afrika hadi Amerika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19, na kiota chao kilithibitishwa Florida, Marekani, mwaka 1953, kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakitazama na kuandika. Kunguru wa Bara Hindi naye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, akaenea hadi pwani yetu ya bara, na leo tumemzoea hata hatumwandiki. Mwandike naye, pamoja na vipande vya waya anavyovichanganya na vijiti vya kiota chake.