Mvinyo Mwekundu wa Alentejo: Upooze Kwanza, Ndipo Uuseme

Kuna msomaji ameniandikia kwamba amenunua mvinyo mwekundu wa Kireno wa bei nafuu, akauona "umejaa spiriti, hauna ladha", na sasa anataka nimtajie wa Kifaransa anunue badala yake. Sitamtajia. Maelezo yake yenyewe yanaonyesha tatizo liko wapi: chupa ilikaa kwenye kabati la jikoni, Dar es Salaam, mwezi wa Januari. Mvinyo wenye kilevi cha asilimia 14 ukinywewa kwenye joto la nyuzi 30, mvuke wa kilevi hutangulia puani na harufu ya zabibu haipati nafasi. Hata chupa ya bei mara kumi ingeaibika.

Joto linalofaa ni nyuzi 16 hadi 18. Friji itachukua saa nzima, pengine zaidi. Ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu itakufikisha kwa takriban dakika 15. Maji usiyaache, maana barafu tupu huacha mianya ya hewa kati ya vipande na chupa, na hewa hupooza polepole. Ukipitiliza hadi nyuzi 10 utaharibu kwa upande wa pili: tanini, ule ukakasi wa maganda na mbegu za zabibu, zitakaza ufizi na ladha ya matunda itajificha. Hapo shika tumbo la glasi kwa viganja viwili, usubiri.

Sasa soma lebo. Chupa za bei hii mara nyingi huandikwa Vinho Regional Alentejano, yaani mvinyo wa kanda ya Alentejo, Ureno. Alentejo iko kusini mwa mto Tejo: joto kali, mashamba mapana, sehemu kubwa tambarare kiasi cha kupitisha mashine ya kuvunia. Kule Douro, bonde la mto kaskazini mwa Ureno, mizabibu imepandwa kwenye matuta ya miamba na mavuno kwa kawaida ni ya mikono. Sehemu nzuri ya tofauti ya bei ni gharama ya kazi, kwa hiyo acheni kudhani kwamba rahisi ni mbovu. Neno Reserva nalo lisikuzuzue. Hispania, mvinyo mwekundu wenye neno hilo lazima ukae miaka 3 kabla ya kuuzwa, mmoja wake ndani ya pipa. Ureno haina sharti kama hilo. Cha maana zaidi ni mwaka wa mavuno. Kwa mvinyo wa kawaida wa bei hii, chukua wa miaka miwili hadi minne iliyopita, na usiguse chupa iliyosimama dirishani juani.

Mchanganyiko wa kawaida wa huko ni wa zabibu tatu. Aragonez, ile ile ambayo Wahispania huiita Tempranillo, huleta uzito na ladha ya matunda mekundu. Trincadeira huleta harufu ya viungo na uchachu, ingawa huoza upesi mvua ikinyesha karibu na mavuno. Alicante Bouschet ndiyo yenye rangi: zabibu nyingi nyekundu zina nyama nyeupe ndani, yeye nyama yake pia ni nyekundu. Kwa hiyo mvinyo mweusi kama wino si lazima uwe bora. Pengine Alicante ni nyingi tu.

Mimina kiasi cha mililita 50 kwenye glasi yenye mdomo mwembamba kuliko tumbo. Nusa kabla ya kuzungusha, kwa sababu kasoro hujitokeza hapo. Harufu ya boksi lililoloa ni kizibo kilichoharibika. Kuacha chupa wazi hakutasaidia, irudishe dukani. Harufu ya siki, umeshachacha. Harufu ya jemu iliyoungua, na kizibo kimesukumwa juu, ulipikwa na joto njiani au ghalani. Baada ya hapo zungusha, nusa tena: tafuta zambarau zilizoiva, forosadi, pilipili manga. Vanila ikipiga kelele peke yake bila kuungana na matunda, huenda ni vibanzi vya mwaloni vilivyotumbukizwa ndani badala ya mvinyo kukaa kwenye pipa la mwaloni.

Piga funda dogo, vuta hewa kidogo juu yake, ushikilie sekunde tano. Mate yakikutoka kwa wingi, uchachu upo. Ufizi ukikauka, ni tanini. Koo likiwaka, ni kilevi, au hukupooza. Midomo ikinata, wameacha sukari, jambo la kawaida kwenye mvinyo wa bei ya chini kwa sababu utamu huficha ukali. Tema funda la kwanza. Ndiyo, tema, ladha ya chai uliyokunywa bado iko mdomoni, na ladha ya kweli huanza funda la pili.

Halafu ulete nyama. Mbuzi wa kuchoma mwenye chumvi ya kutosha hulainisha tanini kwa namna ambayo glasi tupu haitakuonyesha, na Alentejo kwenyewe mvinyo huu hukaa mezani na kondoo na jibini. Pilipili kali iweke kando, inaongeza mwako wa kilevi. Kinachobaki kizibe, kirudi friji, ukionje kesho yake kikiwa kimetolewa nusu saa kabla. Ukiwa umelainika, chupa nyingine ifungue saa moja kabla na uimimine kwenye jagi, kwani kuondoa kizibo tu hakuingizi hewa ya maana. Ukiwa umefifia, ulitakiwa kumalizwa jana.