Geti linajiuza, bei haijipangi

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza hivi: "Wahenga walisema kizuri chajiuza. Je, fundi aliyekwisha kupata cheti ana haja gani ya kusomea biashara?" Mimi nachomelea mageti na grili, karakana yangu iko Chanika, Dar es Salaam, na cheti ninacho. Haja ipo, tena kubwa, ila sidhani kama inaponywa na yale masomo ya biashara tuliyozoea kupewa.

Wahenga niwape haki yao kwanza. Geti zuri linajiuza kweli. Mtu anajenga huku kwetu, jioni anapita mtaani, analiona kwa jirani, anauliza aliyelitengeneza ni nani, na kesho yake yuko karakanani kwako na picha kwenye simu. Sijaona tangazo linaloshinda hilo. Lakini mafundi ninaowafahamu waliokwama hawakukwama kwa kukosa wateja. Karakana nilizoona zikifungwa zilifungwa zikiwa na oda.

Zinafungwaje zikiwa na oda? Kwa advansi. Fuata pesa uone. Mteja wa kwanza anaweka oda ya geti la milioni moja na laki mbili, anatanguliza laki saba. Fundi ananunua sehemu ya vyuma, kisha kodi ya karakana imefika, mtoto karudishwa nyumbani kwa ada, laki mbili zimekwenda. Geti limesimama nusu. Anaingia mteja wa pili wa grili za madirisha, anatanguliza laki tano, na hizo ndizo zinazomalizia geti la wa kwanza. Grili za wa pili zinamsubiri wa tatu. Wa tatu anamsubiri wa nne. Halafu inaingia Januari, watu wametoka kwenye sikukuu na wanahangaika na shule, mteja wa nne hatokei, na fundi anazima simu.

Mtaani wanasema mafundi waongo. "Njoo Jumamosi." Uongo upo, sibishi, ila wengi hawaulizi kwa nini ni Jumamosi. Ni kwa sababu fundi anategemea kati ya leo na Jumamosi aingie mtu mwingine mwenye advansi. Na huyo fundi weldi yake haina kasoro. Ukimpa chuma na pesa ya kutosha anakutolea kazi utakayojivunia. Anachokosa ni kujua pesa iliyo mfukoni mwake ni ya nani.

Kwa hiyo mimi ningeanza somo hapo, kabla ya kitu kingine chochote: pesa ya vifaa ni deni mpaka geti libembee kwenye bawaba zake. Kwangu advansi inaingia kwa lipa namba ya karakana, haiingii kwenye simu yangu, na pesa ya vyuma inageuka vyuma siku hiyohiyo. Vikishushwa kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, kila bomba linaandikwa jina la mteja kwa chaki. Inaonekana kama utoto, lakini chuma chenye jina la mtu hakikatwi kwa kazi ya mtu mwingine kirahisi, na faida nyingine ni kwamba chuma hakiliwi. Noti zinaliwa.

Nani alinifundisha? Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilipomaliza chuo sikuwa na mashine, nikakaa dukani kwake kama mtunza stoo, kazi ambayo wenzangu waliicheka. Yule mama hakuwahi kushika holda ya kuchomelea, lakini alikuwa anajua fundi gani ataanguka, na alijua kwa namna tu anavyonunua. Fundi aliyekuja asubuhi na orodha kamili, akapakia kila kitu mara moja, huyo alimkopesha hata rangi. Aliyekuja mara nne kwa siku, bomba mojamoja, kila safari na bodaboda, aliniambia kwa sauti ya chini: "Huyo ameshakula advansi. Usimwandikie deni." Sikumbuki akikosea. Ningekuwa na uwezo ningepeleka kila mhitimu wa uchomeleaji, useremala na ubombaji akakae nyuma ya kaunta ya hadiwea msimu mmoja, awaone mafundi wenzake kama wanavyoonekana kutoka upande ule.

Bei nayo. Wengi wetu tunapiga bei kwa macho, au tunasikiliza jirani anatoza ngapi kwa futi ya mraba tunapunguza kidogo. Chukua grili za kawaida kabisa. Dirisha la futi 5 kwa 5, fito za wima za skwea paipu, yaani bomba la pembe nne, kila fito mita 1.5. Nyumba ina madirisha 8, kila dirisha fito 12, jumla fito 96. Fundi anapiga kichwani: bomba mita 6, linatoa fito 4, nahitaji mabomba 24. Bei inatajwa, mkono unapeanwa.

Sasa chukua futikamba ulipime lile bomba. Mabomba mengi madukani yana mita 5.8, kwa sababu hukatwa hivyo kiwandani yaweze kuingia kwenye kontena la futi 20, ambalo ndani halifiki mita 6. Fito 4 za mita 1.5 hazitoki humo. Zinatoka 3, na kipande cha mita 1.3 kinabaki. Hesabu inabadilika: mabomba 32. Yale 8 ya ziada hayakuwamo kwenye bei, na mteja hatakusikiliza ukimrudia na habari za kontena. Yanatoka kwenye faida, na kwenye grili faida yenyewe ndiyo hiyohiyo. Hapo sijagusa fremu. Sijagusa rodi, diski za grainda, rangi, thina, umeme wa LUKU wala petroli ya jenereta umeme ukikatika mchana kutwa.

Aliyepima kabla ya kutaja bei anajua pia kwamba atabaki na vipande 32 vya mita 1.3, na kwamba nyumba hiyohiyo ina dirisha la choo, la bafu na la stoo, fupi fupi. Anavipangia kazi. Asiyepima anavikuta vimejazana kona, anakuja kumuuzia mtu wa vyuma chakavu kwa kilo.

Halafu kuna ufundi wenyewe. Muulize fundi siku yake moja ya kazi ni shilingi ngapi. Anajua kibarua anamlipa ngapi, kwa sababu kibarua hulalamika. Yeye mwenyewe hana bei. Kinachobaki mwisho wa kazi anakiita faida, wakati sehemu kubwa ni mshahara wake ambao hakujilipa. Ndiyo maana grainda ikiungua ni msiba, michango inapitishwa, kana kwamba hakuna aliyejua kuwa grainda huungua.

Na hapa niseme jambo ambalo wenzangu hawatalipenda. Cha juu, ile pesa fundi anayojiongezea kwenye bei ya vifaa, kimetuumiza sisi kuliko kinavyomuumiza mteja. Fundi ameuza ufundi wake kwa bei ya kutupa, pengo analiziba kwenye vifaa: anakwenda na mteja hadiwea, mteja akiondoka yeye anarudi kuchukua chake, au risiti inaandikwa tofauti na bei ya kweli. Miaka ya nyuma ilikuwa inapita. Siku hizi mteja anapiga picha orodha yako anaituma kwenye maduka matatu kabla hujamaliza soda. Akishakugundua anasema vifaa nitanunua mwenyewe, wewe niambie ufundi tu. Unabaki na ile bei yako ya kutupa, uchi, na ukijaribu kuipandisha anakuona mwizi mara ya pili. Mimi naandika vifaa kwa bei ya duka, ufundi kwenye mstari wake, usafiri kwenye mstari wake. Mteja akiona ufundi laki tatu na nusu anashtuka. Tunabishana, wakati mwingine nashusha. Lakini tunabishania kitu ambacho kipo.

Je, chuoni hawafundishi haya? Somo la ujasiriamali nililisoma, sikitaji chuo. Tulifundishwa sifa za mjasiriamali, kwamba ni mthubutu, mbunifu na mwenye maono, kisha darasa zima la wachomeleaji tukaandika mpango wa biashara wa kufuga kuku wa mayai. Nilipata alama nzuri. Hakuna siku tuliyopewa mchoro wa geti na bei za hadiwea tukaambiwa pigeni gharama, mna nusu saa. Mfumo wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, umejengwa kwenye kupima mtu anaweza kufanya nini kwa mikono. Basi mtihani wa vitendo ungedai karatasi ya gharama mezani kabla mwanafunzi hajawasha mashine, na alama zikatwe kwa karatasi mbovu kama zinavyokatwa kwa weldi yenye matundu. Vivyo hivyo kwa mafundi waliojifunzia mtaani ambao VETA huwapima na kuwapa vyeti: wengi wao mkono uko vizuri kuliko wangu, daftari hawana.

Kwa aliyekwisha kuhitimu sishauri kozi ndefu. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo ambalo limekuwepo tangu 1973, hutoa mafunzo mafupi ya kutunza kumbukumbu na kupanga bei kwa wenye viwanda vidogo, na yanamfaa zaidi mtu aliyekwenda na daftari lake la kazi za kweli kuliko aliyekwenda kusikiliza tu. Daftari ninalosema ni kaunta buku la kawaida. Ukurasa mmoja kila kazi: kilichoingia, kilichonunuliwa, siku zilizotumika, kilichobaki.

Kaunta buku hilo linalipa hata mbele ya TRA, mamlaka ya mapato. Kwa viwango vya mwaka 2023, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alilipa 100,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 6 na kuandika alitoa 60,000. Kwenye ngazi inayofuata, aliyeuza milioni 10 bila kuandika alitoa 250,000, mwenzake mwenye daftari 180,000. Viwango hubadilishwa na bajeti, kwa hiyo ulizia vya mwaka wako. Na kwetu wachomeleaji kuna la ziada: pesa ya vyuma ikipitia mikononi mwako inahesabika kwenye mauzo yako. Geti mbili tatu za kishua na umeshapanda ngazi, hata kama ulichobaki nacho ni kidogo.

Anayesema kuandika ni mambo ya ofisini akumbuke mwaka 2021. Pesa za UVIKO-19 zilileta ujenzi wa madarasa 15,000 nchini, milioni 20 kila darasa, na kazi nyingi zilisimamiwa na shule zenyewe kwa kutumia mafundi wa maeneo hayo. Madirisha, milango, fremu, vyote vilihitaji mchomeleaji wa karibu. Waliopata si wale wenye mkono mzuri zaidi. Walipata waliokuwa na TIN, namba ya mlipakodi, na walioweza kuleta nukuu ya bei kwenye karatasi ndani ya siku mbili. Fundi mmoja huku kwetu, tunayemwita mkubwa wa kazi kwa heshima zote, alikwenda kutaja bei kwa mdomo. Mwalimu mkuu alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwomba aiandike. Hakurudi.

Najua litakaloulizwa: wateja hawakimbii ukiwadai asilimia 70 mbele, ukawaonyesha mstari wa ufundi, ukakataa kuanza kazi mpya kabla ya kumaliza ya zamani? Wanakimbia. Wengine wanavuka barabara mbele ya macho yangu na kuingia karakana ya jirani, ambako wanapokelewa kwa laki moja na maneno matamu. Baadhi hurudi, wengine hawarudi kabisa. Mwezi wa Desemba jirani ana foleni kuliko mimi. Januari mimi nachomelea, na asubuhi huwa kuna watu wawili watatu wamekaa kwenye benchi lake, wakimpigia simu.

Fundi wa mageti, Chanika, Dar es Salaam