Tonto Ingoje Jioni: Siku Moja ya Baiskeli Kutoka Mbarara Hadi Kichwamba

Katika safari ndefu za kundi nilizowahi kwenda, siku ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kutoka Mbarara hadi Kichwamba, magharibi mwa Uganda, karibu kilomita 100 za vilima, migomba na mashamba ya chai, na mwishoni mteremko wa kufikia ukingo wa Bonde la Ufa. Ndiyo pia siku iliyokaribia kuniumiza. Barabara hii inapita katikati ya nchi ya tonto, pombe ya ndizi ya watu wa huku, na mwenye kuipita kwa baiskeli atakaribishwa kunywa mapema kuliko anavyodhani.

Tuliondoka saa moja asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza, tukiwa tumekwisha kula katogo, yaani matoke (ndizi za kupika) yaliyopikwa pamoja na maharagwe. Tulikuwa watu kumi na mmoja kutoka Kampala, Nairobi na Bukoba. Barabarani tulikaa upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu malori ya matoke hayapunguzi mwendo, na mwendo wa kundi tuliuacha mikononi mwa yule aliye dhaifu zaidi.

Tulipopita Kabwohe tukaingia uani kwa mzee mmoja mtengenezaji wa tonto. Ninashauri kila kundi lisimame mahali kama hapo, maana kazi hii inastahili kuonwa kwa macho. Ndizi zake si zile za kupika. Ni ndizi kali ambazo Waganda huziita mbidde, na huivishwa kwa siku kadhaa ndani ya shimo lililofunikwa kwa majani ya mgomba. Zikishamenywa humwagwa ndani ya mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, kisha vijana huzikanyaga kwa miguu iliyooshwa vizuri. Nilichutama karibu nikatazama: mwanzoni ni rojo zito linalong'ang'ania visigino, halafu povu la rangi ya kahawia linaanza kupanda kati ya nyasi, nyuki wanakusanyika ukingoni, na ghafla juisi inajitenga, nyembamba na tamu sana. Wanyankole, wenyeji wa huku, huiita eshande. Hiyo ndiyo huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa na kuachwa ichachuke hadi iwe tonto. Mwenzetu wa Bukoba alitambua harufu kabla hatujaonyeshwa chochote. Kwao huitwa rubisi.

Mzee alishika vibuyu viwili akaniambia, "Mwanangu, hiki ni cha watoto, na hiki cha jana ni cha wakubwa." Mwaka wangu wa kwanza kwenye njia hii, katika ua mwingine, nilichagua cha wakubwa, nikakimaliza saa nne asubuhi kwa kuona haya kumkatalia mwenyeji. Mpaka Ishaka nilijiona mwenye nguvu. Baada ya hapo kiu haikukatika hata nilipokunywa maji, kwa kuwa pombe huufanya mwili utoe mkojo mwingi wakati jasho nalo linautoka, na miguu ikalegea kwenye vilima vya kuelekea msitu wa Kalinzu. Hata hivyo uchovu si jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa mteremko: nililiona lori lililosimama kwenye kona, nikajua kwamba napaswa kufunga breki, na mkono ukachelewa. Nilipita kati ya lori na mtaro kwenye nafasi isiyozidi upana wa mabega yangu. Mwenzangu aliyekuwa nyuma alishuka kwenye baiskeli akalia, na tangu siku hiyo sijagusa tonto kabla ya jioni.

Basi mkikaribishwa, msikatae kwa ukali, maana kibuyu ni heshima. Pokea kwa mikono miwili, omba eshande badala ya tonto, na ueleze kwamba bado una safari. Sijaona mzee aliyekasirika kwa neno hilo. Uliza kwanza maji yaliyochanganywa yametoka wapi, na kama hayakuchemshwa, onja kidogo tu kwa ajili ya adabu. Yakiwa salama, jaza nusu chupa, ongeza maji yako na chumvi kidogo, unywe mafunda machache kila baada ya robo saa bila kungoja kiu. Kwangu imefanya kazi vizuri kuliko soda yoyote. Tonto yenyewe inunueni, muiweke kwenye gari la msaada, na kifuniko cha dumu kilegezwe kidogo kwa sababu inaendelea kuchachuka.

Kabla ya mteremko, kundi zima lisimame likague breki na matairi. Achaneni umbali mrefu, funga breki kwa vipindi badala ya kuzishikilia muda wote, na asiruhusiwe mtu kumpita mwenzake.

Safari hii tulifika Kichwamba saa kumi na nusu, wote kumi na mmoja. Chini yetu bonde lilikuwa limetanda hadi Ziwa Edward. Dumu likashushwa, aliyekuwa wa mwisho barabarani akamiminiwa wa kwanza, na ile ya jana ya yule mzee ilikuwa imekolea ukali kuliko tulivyoiacha asubuhi.