Beji mbili za KAR, moja nzito moja nyepesi

Ndugu nimekusoma, beji mbili za kofia za King's African Rifles (KAR), lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, moja ya marehemu babu nyingine umeuziwa Mji wa Kale, sura moja lakini ya babu nzito na sasa wajiuliza ipi feki. Uzito peke yake usikutie wasiwasi, zilitoka viwanda tofauti na unene haukuwa sawa.

Anza na sumaku. Shaba ya njano hainasi, ikinasa ujue ni chuma kilichopakwa tu.

Alafu tafuta sonara mwenye mizani ya dijitali, pima beji ikiwa kavu, kisha weka glasi ya maji juu ya mizani uirudishe sifuri, ning'iniza beji kwa uzi izame yote bila kugusa glasi na utikise mapovu yatoke, ile namba ya gramu ndio ujazo wake. Gawanya uzito kwa hiyo namba: gramu 17 kwa 2 yaja 8.5, hiyo shaba ya njano. 7 hivi ni zinki, tia shaka. 2.7 ni alumini, na hiyo si lazima feki manake jeshi la Uingereza lilianza kutumia beji za alumini miaka ya 1950.

Lakini nakala nzuri pia ni shaba, so geuza nyuma: ya kweli kwa kawaida iligongwa kwa mashine na nyuma yaonyesha umbo la mbele likiwa limebonyea, ya kumiminwa (shaba iliyoyeyushwa ikamwagwa kwenye kalibu) mara nyingi ina vitobo vidogo vidogo, hiyo itilie shaka.

Tafadhali usiisugue ing'ae wala usikubali sonara aitie asidi, thamani yaondoka. Ukitaka kuuza, muonyeshe kwanza mjuzi wa beji za kijeshi.