Nimfute au Nimfunze?

SWALI

Mwalimu, hujambo? Nina karakana ya kushona sare za shule karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Mafundi wangu ni saba. Juzi niliajiri msichana mwenye cheti kizuri cha ushonaji, lakini kola zinamshinda. Kola moja yaweza kumla nusu saa, na mashati mengine shule imeyarudisha. Kabla yake walikuja wengine wawili, nao wana vyeti, wakaondoka bila kuaga. Kinachonitatiza ni kwamba msichana huyu ndiye anayeona makosa ya wenzake: mkono mmoja umekuwa mfupi, mfuko umepinda, vipande havilingani. Kaka yangu anasema nimfute, nitafute fundi wa uzoefu wa miaka kumi. Januari inakaribia na wazazi watafurika. Nifanyeje?
Mama Sare, Kisumu

JIBU

Mama Sare, usimfute. Nimeisoma barua yako mara mbili, na pale unapoeleza anavyoyaona makosa ya wenzake, nilitamani ningekuwa jirani nije nimhamishe kiti mimi mwenyewe.

Karakana ya sare ina kazi nyingi ndani yake. Kuna kupima na kukata, kuunganisha, kola, ovaloki ya kuzuia kingo zisifumuke, vifungo, pasi, na ukaguzi kabla ya kufunga mzigo. Mshona kola anataka mkono mwepesi uliozoea kugeuza ncha. Mkataji anataka jicho na subira, kwa sababu mkasi ukikosea kwenye kitambaa kilichopangwa tabaka ishirini, umeharibu mashati ishirini kwa mpigo. Wewe umemleta mwenye jicho la mkataji ukamkalisha penye kola. Kwenye karakana niliyosimamia hapa Nakuru tulikuwa na mama mmoja aliyekuwa mzito kwenye cherehani, lakini hakuna mzigo uliotoka mlangoni kabla hajaupitisha. Wateja walirudi kwa sababu yake.

Basi wiki hii mweke mezani na mkataji wako. Mpe pia ukaguzi wa jioni.

Kola bado zinahitaji mtu, najua. Hapo sikubaliani na kaka yako. Miaka kumi ya nini? Mtu aweza kukaa miaka kumi akishona mapazia. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walichapisha uchambuzi wa tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye kulitabiri utendaji wake vizuri zaidi kuliko kuhesabu miaka yake kazini au darasani. Kwa hiyo atakayekuja, mpe kitambaa cha sare yenyewe, cherehani utakayompa kila siku, na shati moja la mfano. Ashone kola mbili. Ya pili itazame kwa makini kuliko ya kwanza, maana hapo ndipo utaona kama anajirekebisha. Na umlipe kibarua cha muda huo, hata usipomchukua.

Akishaingia, afundishwe. Wengi wetu tunamwambia mgeni "kaa hapo umwangalie mwenzako", halafu tunakasirika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Marekani vilipokea watu wengi ambao hawakuwahi kushika kazi ile, na mpango wa Training Within Industry ukawapa wasimamizi utaratibu wa hatua nne: mtulize mwanafunzi na uulize anajua nini, mwonyeshe kazi kidogo kidogo ukieleza sababu, afanye yeye huku akikueleza anachofanya, kisha mwache peke yake, lakini urudi kumtazama mara kwa mara. Hatua ya tatu ndiyo tunayoiruka sana. Mtu akishona kimya huwezi kujua kama ameelewa kwa nini ncha ya kola hupunguzwa kabla ya kugeuzwa.

Uliza pia NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo ina kituo hapo Kisumu. Hutoa mitihani ya ufundi ya madaraja matatu, na fundi aliyejifunzia kazini huweza kuufanya. Mwajiri huilipa ada ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Hiyo ni ya mfukoni mwako, isikatwe kwenye mshahara wa fundi.

Kuhusu kufuta, ujue Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kipindi cha majaribio kiandikwe kwenye mkataba, na kisizidi miezi sita. Kuongeza kunataka ridhaa ya mfanyakazi. Ukimwachisha kwa sababu ya kazi mbovu, kifungu cha 41 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake aliyemchagua, na umsikilize. Hata mgeni wa majuzi mpe heshima hiyo.

Halafu wale wawili walioondoka, wapigie simu. Waulize siku ya kwanza walikalishwa wapi, na ni nani aliyewaonyesha kazi. Sitashangaa wakikuambia walikabidhiwa rundo la kola.